Mzaramo Pekee wa Kijiji Chetu

Watu wakisikia kwamba niliishi jirani na Wazungu wa misheni miaka kumi na moja, huniuliza habari za Wazungu. Walikula nini, walilala saa ngapi, kweli walikuwa wakiogea kwenye pipa? Hakuna anayeniuliza habari za Maua, aliyewafundisha kusema. Jambo hilo huniudhi. Basi nitaeleza habari za Maua, na Wazungu watakuja kwa zamu yao, maana bila yeye wangekaa pale kwetu wakionyesha vitu kwa kidole mpaka leo.

Kijiji chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Kigwa, kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Tulikuwa Wanyamwezi watupu isipokuwa yeye. Jina lake Maua binti Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye mguu mmoja mzito na ulimi usiojua kupumzika. Alikuwa Mwislamu wa kufunga Ramadhani yote na kuswali alipokumbuka. Alilima karanga na mihogo. Alizaa mara mbili na kuzika mara mbili, na mume wake, Mnyamwezi mwenzetu, alikwenda Tanga kukata mkonge akabaki huko huko. Maua alisema mume huyo hakumwacha yeye, aliikimbia aibu ya kushindwa kila siku na mwanamke kwa maneno.

Nani asiyejua utani wa Mnyamwezi na Mzaramo? Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na vitambaa kurudi bara. Njiani walipita kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakala kwao, wengine wakazikwa kwao. Utani ulianzia hapo. Mtani akifiwa, wewe ndiwe wa kwenda kumsumbua, kumtukana maiti, kumwigiza, kuzuia mlango, mpaka wafiwa wacheke hata kama hawataki. Vijiji vya karibu na stesheni vilikuwa na watani wa kutosha, Wazaramo wa reli na wa biashara. Sisi tulikuwa na mmoja tu, kwa hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyezikwa bila Maua.

Alipokufa shangazi yangu, ambaye alikuwa na tabia ya kuhesabu kuni zake asubuhi na jioni akihofia majirani, Maua aliingia msibani akaanza kuhesabu waombolezaji. Alitugusa vichwa mmoja mmoja. Alipofika mwisho akatangaza kwa sauti ya shangazi kwamba wawili wamepungua, na anajua ni nyumba gani iliyowaiba. Mama yangu, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka hadi akashika tumbo, kisha akalia vizuri, kisha akaomba uji.

Mtu huyo mwenye mdomo namna hiyo alikuwa na woga mmoja, na hakuuficha. Aliogopa kuzikwa kimya.

Alikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele mama yake alipofuata msafara wa bara pamoja na mume mpya, mpagazi. Mume huyo alitorokea Ugogo. Wakaendelea wawili, mama na mtoto, nyuma ya msafara. Katika pori la Mgunda Mkali maji yaliisha, na mama akafa kwa kuhara. Kiongozi wa msafara alitaka kufika kisimani kabla jua halijawa kali. Wakamfunika mama yule kwa mchanga na matawi ya miiba, wakajitwika mizigo, wakaondoka. Wapagazi walikuwa zaidi ya mia, wote Wanyamwezi, wote watani wa marehemu, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa.

"Hata mbwa wa kijijini akifa watu husema alikuwa mwizi wa mayai," Maua aliniambia. "Mama yangu hakupata hata hilo."

Aliyembeba yeye alikuwa kijana aitwaye Masolwa. Mzigo ulikuwa kichwani, akamfunga mtoto mgongoni kwa kaniki, akatembea naye hivyo mpaka kwetu. Siku ya tatu mtoto alimuuliza kutoka mgongoni, "Hujafa tu, mtumwa wangu?" Utani alifundishwa na mama yake kabla ya kujua kuhesabu. Masolwa akajibu, "Nife, nani akubebe?" Kutokea siku hiyo maneno hayo yalikuwa salamu yao. Masolwa alikuja kuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi, mtu mzima wa kupigiwa magoti, na Maua bado alimwamkia hivyo mbele ya watu. Baadaye kijiji kizima kikaichukua salamu hiyo. Ukikutana na Maua njiani angekuuliza kama hujafa, nawe ungejibu unavyotakiwa kujibu.

Kila aliyemzika mtu wake, Maua alimdai ahadi siku ya arobaini. "Mimi nimemtukana wako. Siku yangu ikifika utanitukana?" Nami niliahidi, baada ya shangazi. Niliahidi bila kufikiri, kama mtu anavyoahidi kurudisha ungo.

Wazungu walikuja mwaka wa 1927. Walitoka nchi moja ya baridi iliyokuwa si ya Waingereza waliokuwa wakitutawala, wala ya Wajerumani waliotutawala kabla yao, na jambo hilo lilitufanya tuwaonee huruma kidogo. Bwana aliitwa Yensi. Mkewe jina lake lilikuwa Ingrid, lakini kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake, kwa hiyo alikuwa Mama Petro tangu siku ya kwanza. Petro alikuwa na miaka mitatu, mweupe wa nywele hata nyusi, na hakutaka viatu.

Bwana Yensi alijifunza lugha mezani. Mwalimu wake alikuwa Tobias, mume wangu, ambaye alisoma shule ya misheni Tabora na aliandika mwandiko mzuri kuliko karani wa stesheni. Walikaa asubuhi nzima na daftari, neno moja Kiswahili, neno moja Kinyamwezi, neno moja la kwao. Baada ya miezi minne Bwana alihubiri bila karatasi. Tulimwelewa, na tulisinzia.

Mama Petro alipewa Maua, kwa sababu wanawake wengine tulisema Kinyamwezi nyumbani na Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni, cha bei na cha matusi. Siku ya kwanza Mama Petro alitoa daftari. Maua alilitazama, akaliweka chini ya kiti, akampa mchi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao. Walitwanga, walipepeta, walianika michembe ya viazi juu ya mwamba, walikwenda kisimani, walikwenda kwa waliojifungua na kwa wafiwa. Maua alikuwa akisema bila kukoma na mwenzake akirudia. Viganja vya Mama Petro vilipasuka, vikapona, vikawa vigumu. Mimi nilikuwa naishi ua wa pili, na niliwasikia kutwa.

Sasa Maua alikuwa na kosa moja kama mwalimu. Alimfundisha mwanafunzi wake kusema kama yeye mwenyewe alivyosema, na yeye alisema na watu wote kama mtani, kwa sababu watu wote walikuwa watani wake. Hakukumbuka kumwambia Mama Petro kwamba wengine husalimiana vingine. Nadhani alikuwa amesahau kwamba kuna vingine.

Siku moja Masolwa alikuja misheni kuwasalimu wageni rasmi, amevaa kanzu na koti jeusi la zamani la askari. Bwana Yensi alimpokea vizuri. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Bwana." Wakaketi. Ndipo Mama Petro akatoka jikoni. Alijua huyu ni mkubwa, akataka kumheshimu kweli kweli. Akapiga magoti sawasawa, akapiga makofi taratibu kama wanawake wa kwetu, akainamisha kichwa, na akasema kwa sauti safi, "Hujafa tu, mtumwa wangu?"

Tobias aliniambia jioni kwamba alitamani ardhi ipasuke. Bwana Yensi alielewa kila neno, maana maneno yote yalikuwa daftarini mwake, akasimama kuomba radhi. Masolwa alimtazama mama yule aliyepiga magoti. Kisha akamjibu, "Nife, nani akubebe?" na akacheka mpaka akavua kofia kujipangusia macho.

"Aliyefundishwa na Mzaramo ni Mzaramo," alisema alipopata pumzi. "Bwana, wewe ni mgeni wetu. Huyu mkeo ni mtani wetu."

Basi ikawa hivyo. Bwana Yensi alitaka kumwondoa Maua kazini, Mama Petro akakataa, na sisi tukawa na Wazaramo wawili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu wa jua. Utani una haki zake. Wiki ile ile Masolwa alipita jikoni mwa misheni akachukua birika la chai, akaondoka nalo mchana kweupe. Bwana Yensi aliita wizi. Mama Petro alimuuliza Maua, Maua akamweleza, na kesho yake Mama Petro alikwenda kwa Masolwa akachukua kigoda chake cha kukalia, akarudi nacho kichwani kupitia katikati ya kijiji. Wanawake tulitoka nyua zote kumpigia vigelegele. Nilimpenda siku hiyo, ndiyo kweli, na kabla ya hapo nilikuwa nikimwonea haya tu.

Petro alikufa masika ya 1929, kwa homa, kwa siku tatu. Dawa zilikuwepo na zilitumika. Alikuwa amekaribia miaka mitano, na Kinyamwezi chake kilikuwa chetu kabisa. Alikuwa na fimbo moja aliyoipanda kama punda, akazunguka nayo kijiji kizima akiwagombeza mbuzi wa watu.

Tulikwenda wote. Tulipaswa kwenda kwa namna mbili, kama majirani na kama watani, na Masolwa kama mkubwa ndiye aliyetakiwa kuanza. Bwana Yensi alikuwa akisoma kitabu chake kando ya kaburi. Mzee Masolwa, na umri wake, na koti lake la askari, aliipanda ile fimbo akaanza kuzunguka kaburi akirukaruka na kugombeza mbuzi kwa sauti nyembamba. Ilikuwa sauti ya Petro hasa. Wanawake tukaanza kucheka huku machozi yakitutoka. Nilimwona Mama Petro akiinua uso.

Hapo Bwana Yensi akafunga kitabu. Alimnyang'anya Masolwa ile fimbo akaitupa majanini, akamshika mkono, akamtoa nje ya uzio mbele ya watu wake. Hakumpiga wala hakumtukana. Lakini mwanangwa hashikwi mkono kama mbuzi aliyeingia shambani. Masolwa alijifuta vumbi, akaenda zake, na watu wote wakamfuata. Petro alizikwa na baba yake, na Tobias, na Wakristo wanne, na wimbo.

Mimi sisemi Bwana Yensi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee, na katika daftari lake lote hapakuwa na mahali palipoandikwa jambo hilo. Jumapili iliyofuata, hata hivyo, alitangaza kwamba Mkristo atakayefanya mzaha msibani atatengwa na Meza ya Bwana. Tobias aliitafsiri kwa Kinyamwezi, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Mama Petro hakulia. Hakusema tena Kiswahili wala Kinyamwezi. Alikaa chumbani, chakula kinaingia na kutoka, na Bwana Yensi akaandika barua kwao kwamba atampeleka kwa meli ikipatikana. Maua alikwenda kila asubuhi, akaambiwa mama amelala. Asubuhi ya kumi na mbili hakuuliza. Alikwenda kwanza majanini kutafuta ile fimbo, akaingia nayo kwa mlango wa jikoni, na mimi nyuma yake, maana alitaka shahidi endapo angefukuziwa mbwa.

Asubuhi hiyo Mama Petro alikuwa ametoka chumbani, ameketi jikoni mbele ya chai iliyopoa. Maua aliipanda fimbo. Kwa ule mguu wake mzito alizunguka meza, akagombeza kuku, akavua viatu visivyokuwepo akavirusha mlangoni, akakataa uji, akauficha uji chini ya meza, akamsingizia paka. Alifanya yote aliyoyafanya Petro, asubuhi nzima ya Petro. Mama Petro alimtazama bila kupepesa.

"Sivyo," alisema hatimaye kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Hakumsingizia paka. Alikusingizia wewe."

"Mimi!" Maua akasema. "Mwanao alikuwa mwongo, basi."

"Alikuwa mwongo sana," Mama Petro akasema, na akacheka, na kicheko kikamvunja. Alilia mpaka adhuhuri kichwa kikiwa mapajani mwa Maua. Kisha akala ugali na kisamvu, akalala, na barua ya meli haikuzungumzwa tena. Bwana Yensi aliwakuta pale sakafuni. Aliitazama ile fimbo, akatoka. Lakini amri yake ya kanisani hakuifuta, maana amri ikishatangazwa ni vigumu kwa mwanamume kuitangua, awe Mzungu awe Tobias.

Miaka ikaenda. Tulibatizwa karibu kijiji kizima, mimi mwenyewe mwaka ule ule aliokufa Petro, na amri ikaota mizizi. Misiba ikawa ya nyimbo na sala. Maua aliendelea kwenda. Aliketi penye kizingiti akamtania marehemu, na watu wakatazama chini. Tobias, aliyekuwa sasa mzee wa kanisa, alikuwa na kitabu cha majina ya waliotengwa, na kila mtu alikijua kilivyo, kina jalada jekundu.

Masolwa alikufa mwaka wa 1935. Hakubatizwa, lakini watoto wake walikuwa Wakristo, na wale wazee wa kale waliobaki hawakutaka kugombana na watoto wao. Maua alifika akiwa na fimbo yake ya kutembelea mkononi, akasimama mbele ya mwili wa mtu aliyembeba mgongoni kutoka Mgunda Mkali. "Umekufa kweli, mtumwa wangu?" alimuuliza. "Nani anibebe?" Akatutazama sisi. Tulikuwa watu zaidi ya mia. Niliona midomo ikitikisika, na wangu mmojawapo, na hakuna aliyesema.

Nilimsindikiza nyumbani. Njia nzima hakunena, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Leo nimeliona kaburi langu," alisema mlangoni. Kisha, "Kalunde, wewe uliniahidi."

"Niliahidi, Bi Maua."

"Mume wako ana kitabu."

"Anacho."

"Basi," akasema, akaingia ndani. Nilirudi kwangu nikiwa na hasira, na hasira hiyo nikamwangushia Tobias kwa sababu ya chumvi.

Maua aliishi miaka mitatu zaidi. Mama Petro alimpelekea chakula alipodhoofika, na jioni walikaa uani wakimenya karanga na kutukana Wanyamwezi. Alikufa kiangazi cha 1938, alfajiri, usingizini. Habari zilipelekwa stesheni, zikapigwa simu Tabora, na kwa treni ya asubuhi kutoka Tabora akaja mwalimu Shaban wa kumswalia, pamoja naye Abasi fundi cherehani wa Kigwa na mkewe Zamda. Zamda ndiye aliyemwosha, na Mama Petro alimtekea maji. Jeneza lilikuwa la kuazima.

Ua ulijaa. Sikumbuki mtu aliyekosa. Tulisimama upande mmoja Wakristo, mikono imefungwa kifuani, kwa heshima kubwa, kama tulivyofundishwa. Tobias alikuwa penye lango. Bwana Yensi alikuwa karibu naye, kofia mkononi. Waislamu hawakufika sita, na mwalimu Shaban alikuwa akihesabu mabega ya kubebea. Jeneza lilisogezwa karibu na mlango kwa ndani. Hapakuwa na sauti yoyote.

Nami nilikuwa nimesimama pale na ahadi yangu kooni. Nilifikiria Meza ya Bwana. Nilifikiria mke wa mzee wa kanisa kuandikwa kwenye kitabu kwa mkono wa mumewe, na kicheko cha wenzangu kisimani. Niliona haya kwa Mungu, kwa Tobias na kwa Maua, kwa zamu, na nilinyamaza. Nayasema haya kwa sababu sitaki mtu anisifu kwa yaliyofuata.

Mama Petro akatoka ndani. Alikuwa amejifunga kanga ya Maua, ile ya samawati iliyopauka, kifuani na si kiunoni, kama Maua. Mguu mmoja akaukokota. Akaketi kizingitini, akakunjua miguu yote miwili mbele ya jeneza ili lisipite, akatoa kopo la ugoro la Maua. Akanusa, akapiga chafya tatu, akafuta pua kwa pindo la kanga, na ile chafya ya tatu ilikuwa ndefu na yenye kulalamika kama ya Maua tangu tumjue. Hakuna aliyecheka. Mtu nyuma yangu alikohoa.

Alitupitishia macho wote. "Hamjafa tu, watumwa wangu?" akasema.

Kuku alipita katikati ya ua.

"Ingrid," Bwana Yensi akasema kwa upole.

Hakugeuka. "Hamjafa tu, watumwa wangu?" Safari hii sauti haikuwa ya kuigiza, ilikuwa yake, na ilikuwa ikitetemeka. Nikaelewa kwamba naye anaogopa. Mle ndani ya ua alikuwa Mzaramo pekee aliyebaki, naye alikuwa mke wa yule aliyetoa amri.

Mara ya tatu hakuwauliza watu wote. Aliniuliza mimi, akinitazama usoni, kwa sauti ndogo. "Kalunde. Hujafa tu?"

"Nife, nani akubebe?" nikasema.

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Nikasikia binti wa Masolwa akirudia maneno hayo nyuma yangu, kisha mwingine, kisha ua wote, wanaume na wanawake, mpaka kuku wakakimbia. Halafu matusi yakamwagika, ya miaka tisa. Mmoja alisema Mzaramo huyu amekufa kwa uvivu, hakutaka kupalilia mwaka huu. Mwingine akasema achunguzwe kama kweli amekufa, maana haijawahi kutokea anyamaze tangu alfajiri. Mimi niliigiza anavyokataa kusaidiwa kuvuka mto, na jinsi anavyoanguka, na jinsi anavyosema mto ndio umemsukuma. Mama Petro alikuwa kizingitini akicheka na kulia, na kila alipotaka kuondoa miguu mtu alimwambia bado. Mwalimu Shaban, mtu wa Tabora, aliyajua mambo haya. Aligeuza uso akajifanya anatafuta kiatu chake.

Nilimtazama Tobias. Naye alikuwa akinitazama mimi. Bwana Yensi alisema neno moja karibu na sikio lake, na mpaka leo sijui lilikuwa nini, kwa sababu mume wangu alikufa bila kuniambia. Nilichokiona ni kwamba Tobias alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye uzio, akavuka ua, akatia bega chini ya jeneza. Wanaume wengine wakamfuata, wengi kuliko nafasi.

Mama Petro akakunja miguu, na Maua akapita. Sisi wanawake tulibaki uani tukimtukana mpaka jioni.